Plasta ya fentanyl kwa maumivu ya kiuno: usimbandike mama

Mkuu, umeuliza kama mama yako hapo Moshi, anayetumia panadoli na diklofenaki tu, abandikwe plasta ya fentanyl (dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini) ya mikrogramu 25 kwa saa aliyoandikiwa kwa ajili ya kiuno. Asibandikwe.

Plasta hiyo imeidhinishwa kwa maumivu makali ya kudumu, tena kwa mtu ambaye mwili wake umeshazoea dawa za jamii ya morfini: awe ametumia walau miligramu 60 za morfini ya kunywa kila siku kwa wiki nzima au zaidi. Asiyezoea, hata hiyo 25 inaweza kumzimia pumzi usingizini.

Kinachoponza wengi ni kuchelewa kwake. Dawa hujikusanya kwanza chini ya ngozi, na huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake. Saa ya tatu mgonjwa bado analalamika, basi anaongezwa plasta ya pili, au anakandwa maji ya moto juu ya ile ya kwanza. Joto huisukuma dawa kwenye damu haraka, hata homa hufanya hivyo. Usiku wa manane yote yanamfikia kwa pamoja. Diazepamu (dawa ya kutuliza na usingizi) na pombe huongeza hatari. Klarithromaisini (antibayotiki) na ritonavir (dawa ya VVU) huzuia ini kuivunja fentanyl, hivyo hubaki nyingi mwilini.

Kwa hiyo haifai hata kwa maumivu ya siku chache baada ya upasuaji, kwani dozi haishuki upesi. Ukishabandua, kiwango kwenye damu huchukua kama saa 17 au zaidi kupungua nusu.

Kama ameshabandikwa, bandua, osha ngozi kwa maji bila sabuni, mpeleke hospitali hata akiwa anaongea. Akikoroma isivyo kawaida, haamki, mboni zimesinyaa au anapumua chini ya mara 10 kwa dakika, hiyo ni dharura: mlaze ubavu, kaa naye, nendeni sasa hivi. Taja fentanyl ili apewe naloxone, dawa inayozima nguvu yake. Naloxone huisha nguvu mapema kuliko dawa iliyobaki ngozini, kwa hiyo akiamka msikubali kurudi nyumbani. Aangaliwe walau saa 24.

Plasta iliyobanduliwa bado ina dawa ya kumuua mtoto. Ikunje gundi ikutane ndani, usiitupe kwenye pipa la jikoni.

Zisizotumika mrudishie aliyeziandika, umuulize amehesabu dozi hiyo kutokana na morfini ipi ambayo mama alikuwa anatumia.