Mbolea ya ruzuku ni ya kila mkulima aliyejiandikisha

Ndugu, umesema mwenyekiti wa kijiji ndiye anayechagua nani apate mbolea ya ruzuku, yaani ile ambayo serikali inalipia sehemu ya bei. Hapana, siku hizi hapa Tanzania hachagui. Tangu msimu wa 2022/23, mkulima yeyote aliyejiandikisha kwenye daftari la wakulima kijijini kwake anapewa namba, anaenda nayo kwa wakala wa mbolea na kununua kwa bei ya ruzuku. Msimu ule wa kwanza mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia) wa kilo 50 ulishuka hadi shilingi 70,000, wakati bei ya sokoni ilikuwa zaidi ya 130,000.

Unachokumbuka ni vocha za pembejeo, zile hati za punguzo zilizoanza 2008. Zile kweli kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopanga majina, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kupewa kipaumbele. Malalamiko ya upendeleo yalianzia huko.

Ila angalia ekari zako zimeandikwaje, maana kiasi unachoruhusiwa kununua kinafuata hizo. Mama yangu aliandikiwa pungufu, ikabidi arudi kwa mtendaji wa kijiji kurekebisha. Nenda mapema, kabla mvua hazijaanza.