Kofia za Rangi Zisubiri: Fedha ya Kwanza Iende Chini ya Vitufe

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiomba nimsaidie kuchagua kofia za vitufe za kupamba kibodi yake mpya ya kimakanika, na akaambatisha rekodi fupi ya sauti yake akichapa. Kitufe cha nafasi kinagongagonga kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Nimemjibu kwamba kofia zisubiri, kwa kuwa fedha ya kwanza katika burudani hii inafaa iende mahali ambapo wageni hawaoni.

Nasema hivyo nikiwa na kibodi ninayojivunia. Duka la mtandaoni lililoniuzia liliandika wazi kwamba swichi zake, yaani vifaa vidogo vilivyo chini ya kila kitufe, huchomolewa na kubadilishwa bila kulehemu. Ilipofika Nairobi, ushuru ukiwa umeshalipwa, nilikuta kila swichi imelehemiwa kwenye ubao. Muuzaji alinijibu mara moja kisha akanyamaza, na hadi leo nikiliona tangazo lake moyo hunichafuka. Nilinunua pampu ya kufyonza lehemu, nikazing'oa swichi zote na kuweka nyingine. Kwa hiyo anayeanza leo na adai picha ya ubao wenyewe, soketi za kuchomekea swichi zikionekana, kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuchagua swichi hakustahili kukukosesha usingizi. Tangu hataza za Cherry MX, swichi za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, zilipoisha muda wake, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vimejaza soko kwa swichi za muundo uleule, na baadhi yake, kwa maoni yangu, ni laini kuliko zile za asili. Swichi hutambulika kwa rangi: nyekundu hushuka bila kizuizi, kahawia ina kinundu kidogo kidoleni, na bluu hulia kwa makusudi. Mwenye kushiriki ofisi na wenzake aiache bluu.

Kazi yenye thamani ni kupaka grisi. Fungua swichi, toa springi na shina (kipande kinachobeba kofia na kushuka ukibonyeza), kisha kwa brashi nyembamba paka grisi ya Krytox 205g0 kwenye reli za pembeni za shina, kiasi kwamba plastiki ing'ae tu bila weupe wa grisi kuonekana. Kwa swichi za kahawia usiipake miguu ya shina inayosukuma kibati cha ndani, kwani kinundu ulichokilipia kitafifia. Kisha ugeukie waya unaoshikilia kitufe cha nafasi: ulaze juu ya kioo uone kama umepinda, unyooshe, ndipo upake ncha zake grisi nyingi zaidi. Mgongano wote hutokea hapo, na hakuna kofia ya bei kali itakayouficha.

Ukishamaliza, nunua kofia za plastiki ya PBT, maana za plastiki ya ABS hulainika na kung'aa mapema zinapoguswaguswa. Pima kwanza kitufe cha nafasi: seti nyingi hulenga kile chenye upana wa vitufe vya kawaida 6.25, ilhali baadhi ya kibodi zina cha 7, na muuzaji hatakukumbusha.