Fundi, Unaweza Kusimamia Mradi: Anza na Karatasi Zako

Fundi mwenzangu akiniuliza namna ya kutoka kwenye kazi za mikataba midogo na kuingia kwenye usimamizi wa miradi, swali lake la kwanza huwa ni PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. "Kaka, nikasome PMP?" Nami humuuliza: kazi yako ya mwisho, una karatasi gani inayoonyesha ilianza lini, ilikwisha lini na iligharimu kiasi gani? Hapo wengi hucheka. Wana picha kwenye simu na namba ya bosi aliyewapa kazi, basi.

Nimefanya umeme wa majengo Dar es Salaam kwa miaka mingi nikiwa mkandarasi mdogo. Mkandarasi mkuu anashinda zabuni, mimi napewa kipande cha umeme. Siku hizi nasimamia mradi mzima, na hao wa vipande ndio wanaonipigia simu mimi. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba sehemu ngumu ya usimamizi mnayo tayari. Mnachokosa ni kumbukumbu za maandishi, uelewa wa kazi za wenzenu, na moyo wa kuiacha plaisi mfukoni.

Chukua suala la pesa. Umepata kipande cha shilingi milioni 80. Kwenye kila cheti cha malipo mwenye mradi hushikilia kiasi, mara nyingi asilimia 5 au 10, ndiyo retenshen. Nusu yake hutoka jengo likikabidhiwa, nusu nyingine hungoja kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe, kwa kawaida miezi 12. Kwa asilimia 10, hiyo ni milioni 8 ambayo huigusi, na kwa mafundi wengi hiyo ndiyo faida yenyewe. Ongeza kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye sehemu ya huduma, halafu Jumamosi imefika na vijana wanataka chao, hundi haijasainiwa. Ukiweza kuvuka miezi sita ya namna hiyo bila kumdhulumu kibarua wala kukimbia saiti, mzunguko wa fedha za mradi umeshaujua kuliko mtu aliyeusoma darasani.

Meneja aliyekulia ofisini huona madai ya malipo ni kazi ya mhasibu. Wewe unajua kwamba kazi isiyopimwa mwezi huu hailipwi mwezi ujao. Kwa hiyo tarehe 20 tayari uko saiti na mkadiriaji majenzi, mnapima mita za kebo na kuhesabu taa zilizofungwa, mnasaini wote wawili. Hiyo peke yake itakufanya upendwe na mwajiri yeyote wa ujenzi.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi hodari wanapopoteza hela nyingi kuliko wanazoibiwa. Mshauri wa mradi anapita asubuhi, anaelekeza kidole: "Hamisha hiyo DB, ipeleke ukuta ule." (DB ni sanduku la kugawia umeme.) Fundi anahamisha, anakata kebo mpya, anachimbua plasta. Mwisho wa mwezi anaomba alipwe, anaulizwa maagizo yako wapi. Mshauri hakumbuki, au anakumbuka lakini hataki kuandika kitu kitakachomfanya aulizwe na mwenye jengo.

Jioni ile ile andika: "Kufuatia maelekezo yako ya leo saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, tunahamisha DB kutoka mhimili C kwenda mhimili D. Kazi hii haimo kwenye BOQ. Tafadhali thibitisha kabla ya kesho mchana ili tuanze." BOQ ni orodha ya kazi na bei zake iliyo kwenye mkataba. Sentensi tatu nne, hakuna Kiingereza kikubwa kinachohitajika. WhatsApp si mbaya kwa kuanzia, ila usome mkataba uone taarifa rasmi inatakiwa ipelekwe vipi. Mikataba mingi inataka barua au barua pepe kwa anuani iliyotajwa.

Na mkataba usomwe kweli. Majengo mengi ya hapa nchini hutumia mikataba ya Baraza la Taifa la Ujenzi, na miradi mikubwa, hasa yenye pesa za wafadhili, hutumia ile ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Kitabu chekundu cha FIDIC, toleo la 1999, kinamtaka mkandarasi anayedai muda au fedha za ziada atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Zikipita, dai linakufa hata kama lilikuwa la haki kabisa. Kitabu hicho hicho kinampa mwenye mradi hadi siku 56 kulipa, zinazohesabiwa tangu mhandisi wa mradi alipopokea madai na viambatisho vyake. Maana yake viambatisho pungufu vinakurudisha nyuma siku zote hizo. Sisi wa saiti siku 28 tunazijua kwa sababu ya kupima zege. Zijue na kwa hili.

Jambo la pili ni kazi za wenzako. Hapa fundi umeme ana bahati ambayo wengi hawaioni. Umeme ndiyo kazi inayokuwepo saiti tangu mwanzo hadi mwisho: unazika waya wa arthi kwenye msingi, unalaza mabomba kwenye slabu kabla zege halijamwagwa, unarudi kabla ya plasta, unarudi kabla ya dari ya jipsamu kufungwa, unarudi kufunga soketi na taa, na unakuwa wa mwisho kuondoka baada ya kupima. Umegombana na kila mtu njiani. Fundi bomba alishapitisha paipu yake palipokuwa pa kwako, mtu wa viyoyozi aliwahi kuziba njia ya kebo zako. Ugomvi huo ukiuandika vizuri unakuwa ratiba ya mradi.

Basi, ukiwa bado na kipande chako, anza kuuliza maswali yasiyokuhusu. Mwenye lifti aulizwe anahitaji shimo liwe tayari lini na umeme wa kudumu lini. Mtu wa zege aulizwe mihimili ya muda inaondolewa lini ili walio chini waanze. Uliza jenereta inaagizwa wapi. Bidhaa nyingi zinazotoka nje lazima zikaguliwe na kupata cheti cha ubora cha TBS, shirika letu la viwango, kabla ya kupakiwa melini, halafu kuna bahari, halafu kuna bandari. Maombi ya laini ya TANESCO na transfoma nayo hayasubiri jengo liezekwe. Meneja mzuri hushinda au hushindwa kwenye vitu hivi miezi mingi kabla havijaonekana saiti, ndiyo maana mgeni akija huona kama hafanyi kazi yoyote.

Kuhusu kuacha plaisi, hakuna mbinu. Utamwona kijana anakunja paipu vibaya na mikono itakuwasha. Mwite foromani wake, mwambie, ondoka. Ukiikamata kazi hiyo saa tano, kikao cha saa sita kitaamuliwa bila wewe, na kijana hatajifunza. Jambo gumu zaidi ni marafiki. Watu mliokuwa mnakopeshana vifaa Kariakoo sasa ni wakandarasi wadogo chini yako, na mmoja atakuja: "Mkuu, nipitishie tu hiyo, kazi itakwisha wiki ijayo." Usibishane naye. Mwambie twende tukapime, pamoja na mkadiriaji, tusaini kilichopo. Atanuna kidogo, lakini atalipwa alichofanya, na wengine wataona.

Tahadhari ndogo: saiti kila mwenye helmeti nyeupe anaitwa injinia. Likubali kwa mdomo ukitaka, lakini usiliandike kwenye wasifu wala kwenye barua kama hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Sheria inalilinda jina hilo.

Turudi kwenye PMP, maana najua hamtaniacha. Inatolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Asiye na shahada hutakiwa awe na miezi 60 ya kuongoza miradi, mwenye shahada 36, na wote saa 35 za mafunzo. Mikataba yako midogo inahesabika, mradi uwe uliiongoza kweli na uweze kueleza kila kazi: lengo lake, nafasi yako, ilikwishaje. Wanaweza kukukagua, na watamtaka mtu athibitishe ulichoandika. Fundi mwenye faili la kila kazi, lenye mkataba au LPO (hati ya kuagiza kazi), vipimo vilivyosainiwa na hati ya makabidhiano, hujaza fomu hiyo kwa wikiendi moja. Kama huna miezi hiyo bado, cheti kingine cha usimamizi wa miradi, PRINCE2, kwa ngazi ya Foundation hakidai uzoefu. Kwa maoni yangu cheti kinafungua milango zaidi kwenye mashirika ya kimataifa na kampuni za simu. Kwa wakandarasi wetu wa ndani watakuuliza kwanza kama unaweza kutengeneza ratiba kwenye MS Project, na majengo gani umeyakabidhi. Jifunze hiyo programu kabla hujalipia mtihani wowote.

Usitegemee pia kwamba cheo cha kwanza kitakuwa meneja. Utaanza msimamizi wa saiti au mratibu wa kazi za umeme na mitambo, na mshahara utakuwa mdogo kuliko mwezi wako mzuri wa tenda. Lakini linganisha na mwaka mzima, pamoja na miezi uliyokaa bila kazi na retenshen ambazo hazikurudi, kisha uangalie na michango ya NSSF. Na ukishaajiriwa, kampuni yako ndogo isipate hata soketi moja kwenye mradi unaousimamia. Kama inafanya kazi kwingine, mwajiri ajue kwa maandishi.

Leseni yako ya ufundi umeme, ile ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, endelea kuihuisha. Miradi ina mwisho, na ajira nyingi za saiti huisha pamoja nayo, kwa hiyo anza kuulizia mradi unaofuata wakati huu ungali kwenye plasta, usingoje kupaka rangi. Yangu bado iko hai, na kati ya mradi mmoja na mwingine nimeshawatandazia watu nyaya majumbani, na malipo yao huwa hayana retenshen.