Maswali ya Wasomaji: Namba Zilizo Kwenye Majibu ya Kinyama

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 54 na mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa titi. Jana tumepewa majibu ya kinyama, yaani kipande kilichopimwa maabara: uvimbe wa sentimita 2.5, daraja la 2, tezi moja kati ya 12 za kwapani ina saratani, ER 8/8, PR 6/8, HER2 2+, Ki-67 asilimia 25. Tarehe ya kliniki ni baada ya wiki mbili. Hapa nyumbani tumeelewa kwamba saratani imejaa nane kwa nane na imeshakula robo ya mwili, na kaka yangu ameanza kupanga safari ya kumrudisha mama kijijini. Je, amebakiwa na muda gani? (Binti, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako aiahirishe kwanza safari hiyo, kwa sababu namba iliyowatisha zaidi, ile ya nane kwa nane, ndiyo habari njema kuliko zote katika karatasi yenu.

ER ni kipokezi cha homoni ya estrojeni, yaani protini inayokaa ndani ya kiini cha seli na kuipokea homoni hiyo. Maabara hukata kinyama vipande vyembamba kuliko unywele, huvibandika kwenye kioo, kisha huvidondoshea kingamwili inayoishika protini hiyo peke yake. Mwishoni hutiwa rangi, na tukichungulia kwenye hadubini tunaona viini vyenye kipokezi vikiwa vya kahawia, na visivyo nacho vikiwa vya buluu. Alama hadi 5 hutolewa kwa wingi wa viini vya kahawia, na alama hadi 3 kwa ukolezi wa rangi yenyewe. Kwa hiyo mama aliyepata 8 ana uvimbe ambao zaidi ya theluthi mbili za seli zake zimekolea kabisa. Uvimbe wa namna hiyo hutegemea estrojeni ili ukue, na ndiyo maana tunaweza kuunyima chakula kwa vidonge, kama vile letrozoli au anastrozoli kwa mama aliyekoma hedhi, au tamoksifeni. Tamoksifeni ikimezwa kwa miaka 5 hupunguza vifo vya wagonjwa wa aina hii kwa takriban theluthi moja. PR, kipokezi cha projesteroni, husomwa kwa mtindo huohuo, na 6 ni alama nzuri.

Tahadhari yangu ni moja. Saratani yenye vipokezi vya homoni ina subira, na inaweza kurudi hata baada ya miaka 15 au 20. Nimeona akina mama wengi wakiacha vidonge mwaka wa pili kwa kuwa wanajisikia wazima, au kwa kuchoshwa na maumivu ya viungo na joto la usiku. Mama akisumbuliwa na dawa amweleze daktari wake ili ibadilishwe, asiiache kimyakimya.

HER2 2+ si hatua ya pili ya ugonjwa. Ni jibu ambalo halijakamilika. HER2 ni protini inayokaa kwenye utando wa seli, na husomwa kuanzia 0 hadi 3+. Mwenye 0 au 1+ huhesabiwa hasi na mwenye 3+ huhesabiwa chanya, lakini 2+ inadai kipimo cha pili, kiitwacho FISH, kinachohesabu nakala za jeni yenyewe. Wengi wenye 2+ huishia kuwa hasi, lakini hamwezi kubahatisha. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni hii walirudiwa na saratani na kufariki mapema kuliko wengine. Mwaka 1998 trastuzumabu, dawa inayoishika protini hiyohiyo, iliidhinishwa nchini humo, na alama iliyokuwa nuksi ikawa mahali pa kuushikia ugonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza mtakalouliza kliniki liwe: FISH itafanyika lini na wapi?

Ki-67 haipimi sehemu ya mwili iliyoliwa. Ni protini inayoonekana katika seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika; jina lake limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa. Asilimia 25 maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za uvimbe zilizohesabiwa, 25 zilikuwa kazini. Binafsi siipi uzito mkubwa namba ya katikati kama hiyo, kwa kuwa maabara mbili zinaweza kuhesabu kioo kimoja na kupata majibu tofauti. Ikiwa 5 au chini yake, au 30 na kuendelea, huaminika zaidi.

Kuhusu muda, hakuna namba hapo inayotaja miaka. Ukubwa wa uvimbe, daraja lake (yaani jinsi seli zake zinavyotofautiana na za kawaida) na hiyo tezi moja ya kwapani vina uzito uleule wa siku zote, na kwa jumla mama yako ni mgonjwa wa kutibiwa.

SWALI: Dada yangu, miaka 38, ametolewa uvimbe wenye ukubwa wa limau siku ya Ijumaa. Tulipewa kwenye kichupa kidogo chenye dawa kiasi, tukaufikisha maabara Jumatatu. Majibu yanasema ER, PR na HER2 zote ni hasi. Tuyaamini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huenda ni kweli. Saratani yenye hasi zote tatu huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika na kwa wenye umri mdogo. Hatari yake ya kurudi ni kubwa katika miaka mitano ya mwanzo, kisha hushuka sana, na tibakemikali ndiyo nguzo ya matibabu.

Hata hivyo, kichupa hicho kinanitia shaka. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama, huingia kwenye nyama taratibu, takriban milimita moja kwa saa, na inatakiwa iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Uvimbe wa limau usiopasuliwa, ukisongwa kwenye kichupa, huanza kuharibika katikati kabla dawa haijafika, na kipokezi kilichoharibika husomeka kama hakikuwepo. Mwombeni mtaalamu wa patholojia atazame mirija ya kawaida ya titi iliyo pembeni ya uvimbe kwenye kioo kilekile, kwa sababu baadhi ya seli zake hutakiwa ziwe za kahawia kwa ER. Ikiwa nayo haikushika rangi, kipimo ndicho kilichoshindwa, na kinaweza kurudiwa kwa kipande kilichohifadhika vizuri zaidi, kwa mfano tezi ya kwapani yenye saratani ikiwa alitolewa. Mkiazimwa bloku ya nta, yaani kipande cha nta chenye kinyama ndani, kwa ajili ya maabara nyingine, hakikisheni namba yake inalingana na ya kwenye majibu, na msiiache kwenye gari juani, maana nta huyeyuka.