Ushauri kwa Wanaoanza Kujifunza Mtindo wa Kipepeo

Waogeleaji wengi wanaoingia katika mtindo wa kipepeo baada ya kuumudu mtindo huru huamini kwamba wanachokosa ni nguvu za mabega, kwa hiyo huyapiga maji kwa mikono yote miwili kadiri wawezavyo, na kabla ya kufika katikati ya bwawa nyonga zimeshazama na mikono haitoki tena majini. Nimewafundisha watu wa umri mbalimbali mtindo huu, na jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba kinachoubeba mwili ni mpangilio wa wakati. Kichwa, kifua, mikono na miguu vikifuatana inavyotakiwa, hata asiye na misuli mikubwa ataogelea vizuri. Vikipishana, hakuna nguvu itakayofidia.

Anza na kiwiliwili, bila kuvuta mikono. Lala kifudifudi juu ya maji, mikono ikiwa imenyooshwa mbele, kisha ukandamize kifua chini kidogo na ukiache kiinuke chenyewe. Kifua kikishuka nyonga hupanda, nacho kikipanda nyonga hushuka, na wimbi hilo husafiri kupitia mapaja na magoti hadi kwenye nyayo. Pigo la miguu huzaliwa hapo. Anayekunja magoti kupita kiasi akitafuta nguvu huyakinga maji kwa mapaja yake na kujipunguzia kasi. Zoezi ninalolithamini kuliko yote katika hatua hii ni kupiga miguu ukiwa umelala chali, kwa sababu magoti yakichomoza juu ya maji unayaona na kujirekebisha papo hapo. Mapezi mafupi ya kuvaa miguuni humsaidia mwenye vifundo vigumu, ingawa ni vyema kuyavua kabla ya mazoezi kwisha ili mwili usiyategemee. Kibao cha kuelea sikipendekezi hapa, kwani huinua mabega na kulizuia wimbi lisianzie kifuani.

Katika kila mzunguko wa mikono kuna mapigo mawili ya miguu, na hili ndilo jambo la kulitafakari kwa muda mrefu zaidi. Pigo la kwanza huja wakati mikono inaingia majini mbele, kwa upana wa mabega. La pili huja wakati mikono inamaliza kusukuma maji karibu na nyonga na kuanza kutoka. Wanafunzi wengi hulipata la kwanza na kulipoteza la pili, kisha hulalamika kwamba mikono ni mizito. Pigo la pili ndilo linaloinua mabega juu ya maji ili mikono irudi mbele ikiwa imelegea, karibu na uso wa maji, bila kulazimishwa. Mikono ikikuelemea, chunguza miguu kwanza.

Pumzi nayo ina wakati wake. Kichwa huanza kuinuka mikono inapovuta, kidevu kikikaribia kugusa maji, na uso hurudi majini kabla mikono haijaingia. Anayechelewa kurudisha kichwa huzamisha nyonga, na wimbi lote huvurugika. Wapo wanaovuta pumzi kila baada ya mizunguko miwili, lakini Michael Phelps, aliyeshinda mita 200 za mtindo huu katika Olimpiki za 2004, 2008 na 2016, alizoea kuvuta pumzi karibu kila mzunguko. La muhimu ni kichwa kubaki chini na kurudi mapema.

Ili kuunganisha yote hayo, ogelea kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umenyooshwa mbele: mizunguko miwili ya kulia, miwili ya kushoto, kisha miwili ya mikono yote pamoja. Tumia umbali wa mita 25 au pungufu, na upumzike hadi pumzi itulie. Mara mkao unapoharibika, simama au maliza kwa mtindo huru, kwa kuwa mwili hujifunza chochote unachokirudia, na mita nyingi za kupapatika huufundisha kupapatika.

Atakayetaka kushindana ajue pia kanuni. Mtindo huu ulichipuka kutoka mtindo wa chura katika miaka ya 1930, ukatenganishwa nao mwaka 1952, na kuingia Olimpiki kwa jina lake mjini Melbourne mwaka 1956. Kama ilivyo katika mtindo wa chura, ukuta lazima uguswe kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, iwe ni wakati wa kugeuka au wa kumaliza, na waliozoea mtindo huru hupoteza mashindano kwa kulisahau hilo. Baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka, kichwa kiwe kimetokeza juu ya maji kabla ya kuvuka mita 15.

Mwisho ni mabega, ambayo naomba yachukuliwe kwa uzito. Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu makali mbele ya bega wakati mkono unaingia majini si ya kuvumiliwa. Acha kipepeo siku hiyo, endelea na mazoezi ya miguu ukiwa umeweka mikono kando ya mwili, na maumivu yakirudi katika mazoezi yanayofuata, muone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kuvuta tena mikono yote miwili.