Windows Yako Haitahama Kama Hukuinunua Ihame

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimejenga mashine mpya, nimepiga Windows, kila kitu kiko poa ila inalalamika haijaamilishwa. Laptopu yangu ya zamani ilikuja na Windows orijino, stika ipo hadi leo. Naihamishaje?"

Meseji za aina hii zimekuwa nyingi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10. Watu wamekuta prosesa zao hazimo kwenye orodha ya Windows 11, wakajikamua, wakanunua kesi leo, madabodi (bodi kuu ya mashine) mwezi ujao, ramu ikishuka bei, hadi mashine ikasimama. Hongera zenu. Najua mnachokitafuta, maana na mimi nakitafuta hicho hicho: mashine isiyokuangusha mteja akiwa amekukalia kooni.

Wa Mwanza nimjibu kwanza, jibu lake ni fupi na halifurahishi. Haihami. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows huwa na leseni ya OEM, yaani ya mtengenezaji wa kompyuta, na leseni ya OEM imefungwa kwenye madabodi ileile. Tangu enzi za Windows 8 watengenezaji huuandika ufunguo wa leseni (ule msururu wa herufi na namba) ndani ya madabodi yenyewe, ndiyo maana ukiifuta laptopu ya namna hiyo na kupiga Windows upya inajiamilisha, yaani inajithibitishia leseni, bila kukuuliza kitu. Raha hiyo ndiyo kamba yenyewe. Ukichomoa diski ukaipachika kwingine, leseni haikufuati. Ila laptopu usiitupe; ukimuuzia mtu, anaichukua na leseni yake ndani, na hilo ni jambo la kutajwa kwenye bei.

Yangu mimi imehama, na nitaeleza ilivyokuwa.

Mimi nahariri video. Harusi, sendofu, kicheni pati, ukumbi wowote wenye MC asiyejua kushusha sauti. Nilipojenga mashine yangu ya kwanza pesa ilikuwa ya kuungaunga, lakini niliamua kununua leseni ya rejareja, ile inayouzwa peke yake bila kompyuta, ya Windows Pro (toleo la kikazi; la nyumbani huitwa Home). Nilikuwa Kariakoo, nimesimama kaunta kwa fundi mmoja aliyekuwa ananifungia mashine, nikamwambia Windows asipige, ninayo yangu. Akainua uso. "Bosi, umenunua Windows? Hiyo hela si ungeongeza ramu? Mimi nakupigia kwa buku kumi, maisha!" Vijana waliokuwa wanasubiri simu zao wakaangua kicheko. Mmoja akaniita mzungu. Nilitabasamu, nikalipa, nikabeba mashine yangu. Nisiwadanganye, kicheko kile bado ninacho.

Sasa tuiangalie hiyo buku kumi. Mara nyingi ni KMS, mfumo ambao Microsoft waliwatengenezea makampuni na vyuo vyenye mashine nyingi. Kompyuta inapata kibali kutoka seva ya ofisi, na kibali kinadumu siku 180 kabla ya kuhuishwa. Fundi anachofanya ni kuweka programu inayojifanya seva ya ofisi ndani ya mashine yako mwenyewe. Kabla ya kuiendesha anazima antivairasi. Jiulize kwa nini lazima izimwe, halafu kumbuka ni mashine hiyo hiyo unayofungulia barua pepe na akaunti ya benki. Na siku ya kujenga mashine mpya huna cha kuhamisha, kwa sababu hukuwahi kuwa na kitu.

Turudi kwangu. Mashine ile ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha saba, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chipu chache sana. Nikajenga nyingine. Sitawachosha na habari za kubana skrubu na kutafuta waya wa feni, video za hayo zimejaa mitandaoni. Kazi ilikuwa nyumbani. Mdogo wangu alishaipigia hesabu mashine ya zamani, na aliitaka "kama ilivyo", yaani na Windows yake. Nikamwambia leseni ni moja na inakaa kwenye mashine moja kwa wakati mmoja. Masharti ya leseni ya rejareja yanakuruhusu kuihamishia kwenye kompyuta yako nyingine mradi uiondoe ilikotoka. Akanijibu, "Bro, nani atakuja kuangalia?" Mama akaingilia kati, akaniona mchoyo. Kwa wiki nzima mimi nikawa mtu wa kunyima ndugu.

Kabla ya kugusa chochote, kwenye mashine ya zamani fungua lile dirisha jeusi la Command Prompt, uandike:

slmgr /dli

Kinakuja kidirisha kidogo chenye maandishi. Tafuta neno linalotangulia "channel". Ukiona OEM, hiyo ni hadithi ya Mwanza. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT na wewe si mfanyakazi wa kampuni wala mwanafunzi wa chuo kilichokupa, umeshajua fundi alikufanyia nini. Ukiona RETAIL, vizuri, lakini usishangilie bado. Chini yake kuna herufi tano za mwisho za ufunguo. Zikiwa 3V66T kwa Pro au 8HVX7 kwa Home, huo ni ufunguo wa jumla wanaoupata wengi wenye leseni ya kidijitali, ile iliyosajiliwa kwenye seva za Microsoft, wakiwemo waliopanda bure kutoka Windows 7. Ufunguo huo peke yake haufungui kitu kwenye mashine mpya.

Yangu ilisema RETAIL, na herufi tano zikalingana na zilizo kwenye kadi niliyoihifadhi pamoja na vyeti vyangu vya shule. Ndiyo, leseni naihifadhi na vyeti. Cheka na wewe.

Hatua ya pili ni kuingia Settings, kisha Update & Security (kwenye Windows 11 ni System), kisha Activation, na kuhakikisha leseni imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft. Uwezo huu upo tangu toleo la Windows 10 la Agosti 2016, na watu wengi hawajawahi kuugusa. Fanya hivyo wakati mashine ya zamani ingali inawaka. Umeme wetu mnaujua, madabodi ikiungua leo, kesho huna pa kuingilia.

Hatua ya tatu, fungua tena lile dirisha jeusi ukiwa msimamizi wa mashine (Run as administrator), uandike slmgr /upk. Inaondoa ufunguo kwenye mashine ya zamani. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Baada ya muda maandishi ya kijivu yakajitokeza kwenye kona ya chini kulia yakidai Windows iamilishwe, na alipokwenda kubadili picha ya skrini aweke nembo ya Yanga akakuta sehemu hiyo imefungwa. Alininunia. Mwishowe nikampigia Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta, wa bure kabisa, na nembo yake ipo.

Kwenye mashine mpya piga Windows 11 toleo lilelile, Pro kwa Pro, Home kwa Home. Hapa ndipo wengi wanapogonga mwamba, kwa sababu leseni ya Pro haiamilishi Home. Ufunguo wa rejareja wa Windows 10 unaikubali Windows 11, lakini funguo za Windows 7 na 8 Microsoft walizifungia mlango Septemba 2023. Niliingiza ufunguo wangu, nikabonyeza, ikakubali. Kama huna ufunguo mkononi, ingia kwa akaunti yako, kwenye ukurasa wa Activation bonyeza Troubleshoot, chagua kwamba umebadili vifaa hivi karibuni, kisha iteue mashine ya zamani kwenye orodha. Ndiyo maana akaunti inaunganishwa mapema, na ndiyo maana mashine zako uzipe majina yanayoeleweka, si DESKTOP na rundo la herufi.

Vijana, mnataka kulipwa kwa kazi zenu. Mnaweka alama yenu juu ya video mteja asiikimbie kabla hajamaliza deni, kisha mnaihariri ndani ya Windows ya wizi. Mteja akidurufu kazi yako bila kukulipa unapiga kelele. Tuanzie hapo.

Windows ikikataa kuamilishwa kwa kosa 0xC004C008, maana yake ufunguo umetumika kupita kiasi kinachoruhusiwa. Usikimbilie kununua mwingine. Waandikie huduma kwa wateja wa Microsoft, ukiwa na risiti ya leseni. Mliopewa ufunguo kwa WhatsApp na muuzaji aliyekwisha kuwablokia, risiti hamna.