Re: Roth IRA mkijaza ritani kila mtu kivyake

Ndugu, umeuliza kama wewe na mkeo mkijaza ritani za kodi za 2025 kila mtu kivyake, utaweza kuweka dola 7,000 kwenye Roth IRA (akaunti ya Marekani ya akiba ya uzeeni) kwa mshahara wako wa 60,000. Hapana. Mkiwa mmeishi pamoja wakati wowote ndani ya mwaka, ruhusa ya kuweka huanza kupungua tangu dola ya kwanza ya kipato na kwisha kabisa kipato kikifika 10,000. Mkijaza pamoja, inaanza kupungua kwenye 236,000! Sheria ya Marekani hapo haina huruma. Kama umeshaziweka, zitoe na faida yake kabla ya tarehe ya mwisho ya ritani, la sivyo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, watakutoza asilimia 6 kila mwaka zikibaki humo.